Haki ikigeuzwa fadhila: Dini, uchumi na mamlaka katika ‘Mũrogi wa Kagogo’

Neno ‘mtukufu’ halikuzaliwa Ikulu. Ni neno la ibada. Waislamu husema Kurani Tukufu na mwezi mtukufu wa Ramadhani. Wakristo humpa Mungu utukufu kila Jumapili. Hata hivyo, kwa miaka mingi sisi Wakenya tumelitumia kumtaja binadamu mwenzetu ambaye mshahara wake unatokana na kodi yetu. Jirani zetu Watanzania wamezoea kumwita wao ‘Mheshimiwa’, na zama za Ujamaa hata ‘Ndugu’ ilitosha. Sisi wetu tulimpandisha daraja tukamweka karibu na mbingu, kisha tukalalamika kwamba hasikii.

Ngũgĩ wa Thiong’o aliyajua haya vizuri. Katika riwaya yake ‘Mũrogi wa Kagogo’, mzee mmoja anasimama kutoa shukrani katika sherehe ya kuzaliwa kwa Mtawala. Kiswahili cha mzee huyu ni cha kuungaunga. Badala ya ‘Rais’ anasema ‘Rahisi’. Anaposahihishwa, ulimi unateleza zaidi na ‘Mtukufu’ inageuka tusi ambalo mhariri wa gazeti hili hawezi kuniruhusu kulichapisha. Msomaji ajuaye Kiswahili hucheka hadi machozi. Lakini tukishamaliza kucheka, tuangalie kilichotokea. Mzee hakukusudia dharau. Alipewa neno kubwa la mbinguni alivishe kichwa cha mtu, nalo likakataa kukaa.

Nataka leo kuisoma riwaya hii kwa swali moja: Dikteta huzitumiaje dini na uchumi ili adumu madarakani? Najua jibu la haraka. Wanafunzi wangu hulitoa kila mwaka kwenye karatasi ya mtihani: maudhui ya dini, nukta tatu, maudhui ya uchumi, nukta nne, kila nukta na mfano wake. Mpangilio huo humpa mwanafunzi alama zake, na sina ugomvi nao. Tatizo lake ni kwamba unazitenganisha dini na uchumi kana kwamba ni vyombo viwili vinavyokaa katika rafu mbili tofauti.

Hoja yangu ni kwamba katika riwaya hii dini na uchumi ni biashara moja. Uchumi wa dikteta humnyang’anya mwananchi kilicho haki yake. Dini, inapotekwa, humrudishia kipande kidogo cha haki hiyo ikiwa imebadilishwa jina na kuitwa fadhila. Mtu mwenye haki hudai. Aliyefadhiliwa hushukuru. Basi mtawala anayefaulu kuzigeuza haki za watu wake kuwa fadhila zake hahitaji kupiga risasi kila siku. Watu wenyewe watamwimbia, na atakayethubutu kuuliza hesabu ataambiwa na jirani zake kwamba fadhila za punda ni mateke.

Nianze na riwaya yenyewe. Ilianza kutolewa kwa Kigĩkũyũ mwaka 2004, na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwandishi mwenyewe, ‘Wizard of the Crow’, ikatoka mwaka 2006. Ni kitabu kinene, cha kurasa mia saba na zaidi, kilichoandikwa kwa mtindo wa uhalisiajabu ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kupitia kazi kama ‘Nagona’ na ‘Mzingile’ za Euphrase Kezilahabi, ingawa Ngũgĩ anacheka zaidi. Mandhari yake ni nchi ya kubuni iitwayo Aburĩria, na mji wake mkuu ni Eldares. Mhusika mkuu, kijana msomi asiye na kazi, anaitwa Kamĩtĩ, jina la gereza ambalo Ngũgĩ mwenyewe alizuiliwa mwaka 1978 bila kufikishwa mahakamani. Mwenzake ni Nyawĩra, katibu wa mfanyabiashara mmoja mchana na mwanaharakati wa siri wakati mwingine wote. Katika kuwatoroka polisi, Kamĩtĩ anajitangaza kuwa mchawi ili kuwatia hofu, na uongo huo unampa cheo asichokitafuta.

Kiini cha njama ni mnara. Waziri Machokali anatangaza kwamba taifa litamjengea Mtawala jengo litakalofika hadi malango ya mbingu, ili awe akimjulia Mungu hali asubuhi na jioni. Mradi huo, ambao nitauita hapa Mwendo wa Mbinguni, ni zawadi ya taifa kwa kiongozi wake. Fedha zitakopwa kutoka taasisi ambayo nitaiita Benki ya Ulimwengu. Sote tunajua ni ipi inayotaniwa. Ni hadithi ya Mnara wa Babeli, ila huku badala ya Mungu kushuka kuukomesha ujenzi, wanaosubiriwa kushuka ni maafisa wa mikopo.

Tuutazame mradi huo kwa macho ya mhasibu. Zawadi anapewa mtu mmoja. Deni wanaachiwa watu wote, pamoja na ambao hawajazaliwa. Wanaolipa wanaitwa watoaji, na anayepokea anaitwa mtoaji mkuu kwa sababu mradi, tunaambiwa, utaleta ajira na sifa kwa taifa. Lugha ya ibada inafanya kazi ambayo lugha ya uchumi haiwezi kuifanya peke yake. Ukisema ‘mkopo wa kujenga jumba la Mtawala’, watu watauliza riba ni kiasi gani. Ukisema ‘ngazi ya kwenda mbinguni’, anayeuliza riba anaonekana ameuliza bei ya mbingu. Hiyo ndiyo maana ya mnara. Umepandishwa juu kiasi hicho ili usihesabiwe.

Wakati huohuo, chini ya mnara ambao haujawekewa hata tofali moja, uchumi halisi wa Aburĩria unaonekana barabarani. Watu wasio na kazi wanapanga foleni mbele ya ofisi ya Tajirika, mfanyabiashara aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti wa ujenzi. Foleni hiyo inarefuka hadi inakuwa tukio la kitaifa. Kuna foleni nyingine pia, ya watu wenye suti. Hawa wanakuja kujijulisha kwa mwenyekiti, kila mmoja na bahasha yake, wakitumaini zabuni za baadaye. Jioni Tajirika ana magunia ya pesa. Mradi haujazalisha kitu ila tayari umezalisha tajiri.

Hapa Ngũgĩ anatufundisha jambo ambalo vitabu vya uchumi hulieleza kwa majedwali. Katika udikteta utajiri hautokani na kutengeneza kitu. Unatokana na kuwa karibu na mtu. Ndiyo maana majina ya mawaziri, ambayo mwandishi ameyachota kwenye Kiswahili kwa mbinu tuiitayo majazi, ni majina ya viungo vya mwili. Machokali alikwenda Ulaya kupanuliwa macho ili amwonee Mtawala maadui walikojificha. Sikiokuu alipanuliwa masikio ili amsikilizie. Hakuna waziri aliyekwenda kupanuliwa mikono afanye kazi. Kila mmoja amejigeuza kifaa cha mwili wa mkubwa wake, na huo ndio mtaji wake wote.

Tajirika naye anaugua. Baada ya kuhesabu magunia anakwama mbele ya kioo, na neno pekee linalomtoka ni la ‘kama’, la kutamani awe asivyokuwa. Mchawi bandia anamtafsiria ugonjwa: anatamani kuwa Mzungu. Wahakiki wameandika mengi kuhusu kasumba ya ukoloni katika tukio hili na wako sahihi. Mimi naliona pia kama ugonjwa wa kiuchumi. Mtu aliyepata mali bila jasho hajui imetoka wapi, kwa hiyo hajui itakoma lini. Anatamani ngozi ambayo, kwa fikra zake, haimwombi mtu chochote.

Upande wa dini, tukio linalonikaa moyoni ni lile la Rachael, mke wa Mtawala. Kosa lake lilikuwa kumuuliza mumewe kuhusu wasichana wa shule. Anafungiwa katika nyumba shambani, na huko saa zote zimesimamishwa palepale alipouliza swali. Chakula ni kilekile cha usiku ule, nguo ni zilezile, na wimbo unaochezwa ni mmoja tu, wa dini, unaohusu kurudi kwa Bwana. Atatolewa siku atakapolia. Rachael halii.

Naliona tukio hilo kuwa ufunguo wa riwaya nzima. Kusimamisha saa ni kazi ya Mungu. Biblia inasimulia jua lililosimama enzi za Yoshua. Mtawala anajipa kazi hiyo nyumbani kabla ya kujipa taifani. Vilevile anayeamua Rachael ale nini na avae nini ndiye anayemwimbishia kuhusu wokovu. Chakula na wimbo vinatoka mkono mmoja. Anachotakiwa mwanamke huyu kulipa ni machozi, yaani ishara kwamba amekubali kuwa anachopewa ni huruma. Kukataa kwake kulia ni kukataa jina hilo. Anajua alichoporwa.

Kanisa rasmi la Eldares lina vituko vyake. Katika kanisa kuu la Watakatifu Wote, wanandoa wazee Maritha na Mariko wanakiri mbele ya waumini vita vyao na Shetani anayewajaribu kwa tamaa za mwili. Watu wanafurika kuja kusikia. Nje kuna kundi la Askari wa Kristo wanaomsaka Shetani usiku mitaani. Basi mji mzima unamtafuta Shetani, na hakuna anayemtafuta hazinani. Shetani wa chumbani anakemewa kwa sauti kubwa. Yule wa mikopo anapigiwa makofi. Ngũgĩ alikuwa ameshaigusa mada hii katika ‘Caitaani Mũtharabainĩ’ ya mwaka 1980, iliyotufikia kwa Kiswahili kama ‘Shetani Msalabani’, ambamo wezi wanashindana hadharani kujigamba kwa wizi wao. Kule Shetani alikuwa na mali. Huku amerudishwa katika miili ya wazee wawili, ambako hamsumbui mtawala.

Kuna ngazi nyingine ya ibada ambayo ni rahisi kuipita bila kuiona. Mtawala naye ana mungu wake. Anasafiri hadi Marekani kuisihi Benki ya Ulimwengu, na benki inamnyima mkopo. Papo hapo mwili wake unaanza kuvimba, na madaktari hawapati dawa. Ni kichekesho, lakini kina mantiki. Mwananchi humshukuru mtawala, mtawala huishukuru benki. Shukrani hupanda na fedha hushuka. Benki inapokata fedha, mnyororo unakatika juu kabisa, na yule aliyezoea kuwa mtoaji anagundua kwamba alikuwa ombaomba mwenye mavazi mazuri. Haki zote alizowageuzia watu wake kuwa fadhila zimemrudia, na sasa ni yeye anayengojea fadhila.

Anavyojinasua ni jambo la kukumbukwa. Uvimbe unaishia kwa kishindo, na Mtawala anatangaza kwamba ameizalia nchi demokrasia. Vyama vingi vinaruhusiwa, ila yeye atakuwa kiongozi wa vyama vyote! Hata demokrasia, ambayo raia waliipigania barabarani, inatolewa kama mtoto aliyezaliwa tumboni mwake. Watu wanatakiwa kupongeza.

Msomaji wa Kenya hawezi kusoma haya bila kukumbuka ya kwake. Nasisitiza kwamba Aburĩria si Kenya. Ngũgĩ amechanganya madikteta wengi katika chungu kimoja, na riwaya si shajara. Hata hivyo, mwaka 1989 palitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, makao ya chama tawala na gazeti lake, pamoja na sanamu ya Rais. Gharama ingelipwa kwa mikopo ya nje. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa bungeni, akaendelea kupinga. Wenye fedha wa kigeni walirudi nyuma na jumba halikujengwa. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada kwa serikali. Desemba mwaka huohuo kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Foleni nazo tulikuwa nazo: mwaka 1988 tuliteua wagombea kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mtu wake, hesabu ikitangazwa kinyume cha macho yetu.

Aidha tulikuwa na maziwa. Kuanzia mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walipewa maziwa yaliyoitwa ‘maziwa ya Nyayo’. Yalikuwa mazuri, na wapo watu wazima leo ambao yaliwapeleka shule. Ila yalinunuliwa kwa fedha za umma, na hayakuitwa maziwa ya umma. Palikuwa na wodi za Nyayo, mabasi ya Nyayo, hata gari la Nyayo. Mtoto alikunywa kodi ya mamake akamshukuru Rais. Jioni, redioni na kwenye runinga, taarifa ya habari ya Jumapili ilifunguliwa na Mtukufu Rais akiwa kanisani. Katika miaka ya mwanzo ya tisini, sakata ya Goldenberg ilipokuwa ikikamua mabilioni kutoka hazina kama fidia ya dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa ikiuza nje kwa kiasi kilichodaiwa, picha hiyo ya Jumapili haikubadilika. Sidai kwamba aliyekwenda kanisani hakuwa na imani. Moyo wa mtu ni msitu. Nazungumzia kazi ambayo picha ilifanya.

Mpaka hapa nimeisifu riwaya. Sasa niseme ninapotofautiana nayo, kwa sababu uhakiki si kupiga vigelegele.

Kasoro ya kwanza inahusu kanisa. Ngũgĩ anaona vizuri jinsi dini inavyotumiwa, lakini haoni vya kutosha kwa nini inagharimu pesa nyingi hivyo kuitumia. Kitu kisicho na nguvu yake chenyewe hakinunuliwi kwa bei kubwa. Katika miaka ya themanini, vyama vya wafanyakazi vilipokuwa vimetiwa mfukoni na wahadhiri walikuwa kizuizini au uhamishoni, mimbari ilikuwa miongoni mwa mahali pachache palipobaki pa kusemea. Baraza la Makanisa lilipinga mlolongo mwaka 1986. Askofu Henry Okullu na Askofu David Gitari walihubiri kuhusu mambo ambayo bunge liliyanyamazia. Mchungaji Timothy Njoya, katika mahubiri ya Mwaka Mpya wa 1990, alisema tawala za chama kimoja za Afrika zitaanguka kama zilivyoanguka za Ulaya Mashariki. Askofu Alexander Muge alifariki katika ajali ya barabarani Agosti mwaka huo, siku chache tu baada ya waziri mmoja kumtisha hadharani asitie mguu Busia.

Angalia pia tukio ambalo riwaya yenyewe imekaribia sana. Katika Aburĩria, wanawake wa vuguvugu la upinzani wanakuja mbele ya Mtawala na wageni wake kama watumbuizaji, kisha wanageuka na kumwonyesha matako, laana kubwa katika mila zetu nyingi. Machi 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru walivua nguo polisi walipowavamia. Walipofukuzwa pale walikimbilia wapi? Kanisa kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, na wakakaa humo kwa takriban mwaka mzima. Kanisa hilohilo ndilo lililovamiwa na polisi Julai 1997, waumini na wanaharakati wakapigwa humo ndani. Ngũgĩ amelichukua jina la kanisa na kuliweka katika kichekesho cha tamaa za wazee. Kina mama amewachukua bila paa lililowahifadhi.

Nitendee haki riwaya: Maritha na Mariko baadaye wanadhihirika kuwa upande wa vuguvugu, na hilo linaipunguzia hoja yangu makali. Lakini wanasaidia kama watu wema, sio kama waumini ambao imani yao imewafikisha hapo. Nguvu ya kuponya amepewa mchawi ambaye mwenyewe anajua ni wa bandia. Nadhani hapa msimamo wa Ngũgĩ wa kisiasa, ambao uliiona dini ya wamisheni kama mkono wa kushoto wa ukoloni, umembana mwandishi ndani yake. Ikiwa dikteta huigeuza haki kuwa fadhila kwa msaada wa dini, basi mtu wa dini anayesimama na kusema ‘hii ni haki yao, Mungu ndiye aliyewapa na sio wewe’ ni hatari kwake kuliko mchawi yeyote. Mhusika huyo hayumo katika riwaya. Katika historia yetu alikuwepo, na alipigwa.

Kasoro ya pili ni kicheko chenyewe. Achille Mbembe alishaandika kwamba raia wa Afrika baada ya ukoloni humcheka mtawala na huku wanaendelea kuishi naye nyumba moja. Kejeli hazimwondoi, wakati mwingine zinamfanya avumilike. Mtawala wa Aburĩria anavimba, anapaa, anapasuka. Baada ya kurasa mia tano msomaji amekwisha kuzoea, na muuaji amegeuka kikaragosi. Katika ‘Mstahiki Meya’, tamthilia ya Timothy Arege ya mwaka 2009, mambo ni madogo zaidi na kwa hiyo yanachoma zaidi. Mhubiri anakuja kuiombea Cheneo na uongozi wake, naye anafadhiliwa na baraza lilelile linalodai halina fedha za kuwalipa wafanyakazi. Hakuna mnara wala mtu aliyevimba. Ni risiti tu. Nawashauri walimu wazifundishe kazi hizi mbili pamoja: moja inaonyesha ukubwa wa uongo, nyingine inaonyesha bei yake.

Pamoja na kasoro hizo, naamini riwaya hii itadumu, na sababu yangu ni ya lugha. Ngũgĩ, aliyetuacha Mei 2025, alitumia zaidi ya nusu ya maisha yake akisema lugha ni uwanja wa mamlaka. Tulimsikia tukadhani anazungumzia Kiingereza na Kigĩkũyũ pekee. Mzee wa ‘Rahisi’ anatuonyesha kwamba vita vimo ndani ya Kiswahili chetu pia.

Sikiliza taarifa ya habari jioni hii. Mwanakijiji ambaye daraja lake limesombwa na mafuriko anawekewa kipaza sauti mdomoni. Atasema nini? ‘Tunaomba serikali itusaidie.’ Ni mara ngapi umemsikia akisema ‘tunadai’? Kiongozi akija kufungua zahanati, mwenyeji wake atasema, ‘Tunashukuru mheshimiwa ametuletea hospitali.’ Barabara ‘tumepewa’. Stima ‘tumeletewa’. Katika sentensi hizo mlipa kodi ni mtendwa daima. Hajawahi kuwa mtenda. Hakuna aliyemshurutisha mwanakijiji kwa bunduki aseme hivyo. Sarufi ya fadhila imekwisha kumwingia mdomoni, na imebaki humo hata baada ya enzi ya chama kimoja kuondoka.

Sisemi kwamba Kenya ya leo ni Aburĩria. Tunaandika magazetini, tunashtaki serikali na mara nyingine tunashinda. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inaziita afya, makao, chakula, maji na elimu kwa jina lake: haki. Inasema pia, katika kifungu cha 8, kwamba hakuna dini ya taifa. Lakini wanasiasa wa mirengo yote wanaendelea kufika ibadani na mabunda ya noti, na waumini wanaendelea kupiga makofi bila kuuliza mshahara gani unaozaa mabunda hayo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango uliotolewa kanisani na Rais, wengi walisema maaskofu wamekosa adabu. Mimi niliona wamefanya kazi ambayo riwaya ya Ngũgĩ haikumpa kiongozi yeyote wa dini: waliikata ile kamba inayounganisha sahani ya sadaka na hazina.

Kwa hivyo, kwa mwalimu wa fasihi atakayeifundisha riwaya hii, nina ombi. Wanafunzi wakishaorodhesha maudhui ya dini na maudhui ya uchumi, wape zoezi la ziada. Wakusanye kwa wiki moja vitenzi vinavyotumiwa redioni, kanisani, msikitini na mikutanoni kuhusu huduma za umma: kuomba, kupewa, kusaidiwa, kuletewa, kushukuru. Kisha waziandike upya sentensi hizo kwa kuwataja waliolipa. ‘Tumeletewa barabara’ iwe ‘barabara tuliyoilipia imekamilika, miaka minne baada ya muda wake’. Ni zoezi la sarufi tu, na halihitaji kibali cha mtu.